Sawa na Ghairi

Sogeeni karibu, wanangu, na mmoja wenu aufunge huo mlango wa dukani, maana mashine ya jirani yetu seremala ikianza kulia sauti yangu haiwezi kushindana nayo, na leo sina pumzi ya kurudia maneno. Wewe mwalimu, binti yangu wa kati, washa simu yako inase kila ninachosema, uilaze hapa kifuani juu ya blanketi, na usiizime hata nikikohoa, hata nikinyamaza ukadhani nimemaliza. Na wewe kaka mtu, mkubwa wao, vuta kigoda uketi. Ukisimama hapo mlangoni unanifanya nijione kama mteja aliyekuja kulalamika.

Daktari amezunguka weee na maneno yake ya adabu, lakini mimi nimepima watu maisha yangu yote na najua mtu anapopimwa kwa mara ya mwisho. Sina hofu ya kufa. Ninachoogopa ni kufa nikiwa mtu mwema machoni penu, kwa sababu si kweli, na uongo huo umeshamwangamiza mwenzenu ambaye hayumo chumbani humu. Mnamjua ninayemsema. Kitinda mimba wangu, mdogo wenu, ambaye hatujamtaja kwa sauti ndani ya nyumba hii kwa miaka miwili. Leo tutamtaja mpaka mchoke.

Ila niacheni nianze na mali, kwa kuwa moyo wangu bado unakwepa, nami nimezoea kuubembeleza. Cherehani ya ngozi ni ya mkubwa, yeye ndiye anayeijua ikianza kuruka mishono. Nyumba mliyozaliwa ni yenu watatu sawa kwa sawa, na nikisema watatu nina maana ya watatu. Mwalimu achukue kabati la mama yenu na vyote vilivyomo, asiulizwe na mtu. Kalibu za mbao za kuundia viatu, zile jozi sitini na kitu zilizo kwenye rafu hapo juu ya kichwa changu, zisiuzwe kwa watu wa mapambo. Kuna jamaa aliwahi kuzitaka akazitundike hotelini kwake, nikamtoa dukani na brashi ya gundi mkononi. Ama duka lenyewe, jina lake, wateja wake na vile vyombo vyake vya mtandaoni, hivyo nitavifikia, maana humo ndimo aibu yangu ilimolala.

Mnajua kazi yetu si ya viatu vya dirishani. Sisi tunamshonea mtu ambaye mguu wake mmoja ni mfupi, au kidole kimeondoka, au kifundo kimevimba na hakitaki kurudi, mtu ambaye akiingia duka la kawaida anatoka na machozi. Kwa miaka arobaini kila mteja alisimama peku juu ya karatasi ya kaki, nami nikapiga magoti nikauzungusha unyayo wake kwa penseli, kisha pembeni nikaandika kwa mwandiko wangu mbaya kwamba hapa panauma, hapa pasiguswe, hapa kisigino kipande vidole viwili. Mtu akishachorwa hana haja ya kurudi. Anatuma salamu tu kutoka aliko, na mimi nashona. Unyayo wa kwanza kuchorwa ulikuwa wa mama yenu, kabla sijamposa, alipokuja akichechemea ndani ya kiatu cha ndugu yake, na kusema kweli kiatu chake nilikichelewesha kwa makusudi ili aje tena kukiulizia. Alikuja mara sita. Karatasi hizo zilijaza makabati mawili, zikala mvua, zikaliwa na mende, na kila nilipotafuta mguu wa mtu mmoja nililigeuza duka zima chini juu.

Ndipo kitinda mimba alipomaliza masomo yake akarudi na kompyuta yake ile yenye ufa pembeni. Hakuniomba ruhusa, mnamfahamu. Alianza na kalenda. Kabla ya kalenda watu watatu walikuwa wanafika saa moja ile ile, kila mmoja akiapa kwamba Mzee Kisigino alimwahidi yeye, na Mzee Kisigino mwenyewe, mimi huyu, anajificha chooni. Baada ya kalenda mtu alichagua saa yake akiwa kwake kitandani, na siku moja kabla akapata ujumbe wa kumkumbusha, ujumbe wenye adabu ambayo mimi sijawahi kuwa nayo. Kisha akatengeneza fomu, yenye picha ya unyayo, na mteja wa mbali akawa anabonyeza kwa kidole pale panapomuuma. Kisha akatuweka kwenye ramani, maana watu walikuwa wakipotea kwenye kichochoro chetu wanaishia kwa mziba pancha, na mziba pancha alikuwa ameanza kuwauzia kandambili. Akaniletea na zile nyota wanazotupa wateja. Bwana mmoja alitupa nyota moja kwa sababu alifika tumefunga. Nikataka kumfuata kwake, binti yangu akaniketisha, akaniandikisha neno la asante nikiwa nimeuma meno, na bwana yule akarudi, na mpaka leo ameshachukua jozi nne.

Nilimcheka mwanzoni, halafu nikawa najisifu kwake mbele za watu. Kazi yake kubwa ilikuwa folda aliyoipa jina la Nyayo. Miezi saba, wanangu, alipiga picha karatasi moja baada ya nyingine, akanakili mwandiko wangu, akiniuliza, "Baba, hapa umeandika 'uvimbe' au 'upembe'?" na mimi nikimjibu kwamba hata mimi sijui, akacheka mpaka akaweka kalamu chini. Watu mia nne na kumi na wawili. Mguu wa mtu yeyote ukautaka, unaandika jina lake, huo hapo. Hata mimi alinifungulia akaunti yangu, akaiandika "Mzee Kisigino", akanifundisha kuingia na kutoka. Akaniambia kitu ambacho siku ile nilikiona kizuri sana: "Kila mtu aingie kwa akaunti yake, baba, kwa sababu humu panaandikwa nani kagusa nini na saa ngapi."

Alinisihi karatasi nizitunze walau mwaka. Alisema vitu vya mtandaoni navyo vinataka nakala pengine, na kwamba wikiendi atatafuta mahali pa pili pa kuziweka zile picha. Mimi nikaona makabati mawili yanakula nafasi, nikamwita seremala nikamwambia chukua zote, pangusia vanishi yako. Akazichukua kwa mkokoteni. Baadaye nilipozihitaji nikaacha kumsalimia mtu yule, kana kwamba aliniibia. Mkitoka hapa nendeni mkamwambie hana kosa lolote, na kwamba mzee alikuwa akimnunia bure.

Sasa nafika. Mwalimu, ninyweshe maji kidogo. Asante, inatosha.

Siku moja, mbele ya wateja wawili, nilitamka kwamba duka hili litakuwa la mkubwa peke yake, kwa kuwa mdogo wenu ni mtoto wa kike, kesho ataolewa aende zake. Hakuna aliyeniuliza. Nilikuwa nataka tu kuonekana mzee mwenye kauli. Kitinda mimba alimaliza kuandika alichokuwa anaandika, akafunga kompyuta, akasema polepole, "Basi na hizo nyayo mtazitafuta wenyewe." Maneno ya mtu aliyeumia, hakuna zaidi. Yeyote kati yetu angesema vile. Lakini yalisikika, na sisi tulikuja kuyafanya ushahidi.

Siku tatu sikulala vizuri. Nilijua nimemkosea, na mimi kuomba radhi kwa mdomo sijui, mama yenu alilijua hilo akalichukulia hivyo hivyo. Asubuhi ya siku ya nne niko dukani peke yangu, nimeingia kwenye akaunti yangu kutafuta mguu wa mtu, kioo kikaniletea maandishi: hifadhi yako inakaribia kujaa, safisha. Nikajisemea, hapo sawa, hii kazi nitamfanyia. Atakuja akute pasafi, atajua baba yake amemfikiria. Nikatazama zile picha. Zote zina madoa ya gundi na vumbi la miaka. Nikabonyeza kwa muda mrefu kama alivyonifundisha, vialama vikatokea kwenye picha zote, na chini pakaja maneno matatu: shiriki, hamisha, futa.

Futa. Wanangu, tangu mnazaliwa mmenisikia nikisema futa meza, futa kiatu, futa gundi kabla haijakauka, futa pua mwanangu. Katika nyumba hii neno hilo halijawahi kuondoa kitu isipokuwa uchafu. Ukikifuta kiatu, kiatu kinabaki. Nikabonyeza. Kikaniuliza nina uhakika, kikaweka maneno mawili, moja Ghairi na moja Sawa. Mimi anayeghairi ninamjua: ni yule anayeagiza kiatu, ukishaikata ngozi anakuja kusema ameshabadili mawazo. Sijawahi kuwa mtu wa kughairi. Nikabonyeza Sawa, kama ninavyomjibu kila mtu anayeniuliza jambo kwa upole. Na kioo kikawa cheupe, kisafi kweli kweli, na mimi nikafurahi. Nilikaa dakika nzima nikifurahi, nikingoja madoa yaondoke na picha zirudi.

Mwalimu, usilie juu ya hiyo simu, itanasa kilio badala ya maneno.

Mchana wewe, mkubwa, ukafungua kompyuta, ukakuta hakuna kitu. Ukapiga kelele. Ukamwita mdogo wako aliyekuwa nje, na kabla hajaweka mkoba chini ukamwambia umetimiza ulichosema. Nilikuwa nimeketi hapo hapo kwenye benchi, na kisu cha ngozi mkononi. Yeye hakupiga kelele. Alisema, "Nifungulieni niangalie kapu la taka. Kitu kikifutwa kinakaa humo siku thelathini kabla hakijapotea moja kwa moja, na humo panaonekana kafuta nani." Ukamjibu kwamba anataka kuingia akafute na alama zake za vidole. Kisha mkanigeukia wote wawili. Neno langu moja lingefungua. Nikaona jina langu, Mzee Kisigino, limeandikwa humo ndani, na wateja wakisimuliana kwamba mzee amezeeka, haaminiki hata na kitufe. Nikasema, "Badilisha neno la siri." Nilisema hayo tu. Mdogo wenu alinitazama, akachukua mkoba wake, na sijamwona tena mpaka leo hii ninayozungumza nanyi.

Kuanzia hapo nikawa na siku thelathini. Ninazijua zote. Kila asubuhi niliamka nikiwa nimeamua kusema, nikapiga moyo konde mpaka mlango wa duka, na mlangoni nikakuta mteja, nikasema kesho. Siku ya kumi na tisa akaja yule mama ambaye binti yake tulimchora kila mwaka kwenye karatasi ile ile moja, tangu ana miaka minne, unyayo ndani ya unyayo, mpaka kumi na mmoja. Binti alikuwa amefariki mwezi huo. Mama alitaka picha ya karatasi ile tu, hakutaka kingine. Nikamwambia mtandao umeila. Akaniuliza, "Umeila vipi, mzee?" nami nikatikisa kichwa kama mtu anayesikitika pamoja naye. Zilikuwa zimebaki siku kumi na moja. Nilimpa kiti na maji, akanishukuru, akatoka. Nilimtazama anavyovuka kichochoro na sikuinuka. Siku ya thelathini na moja nilijua mama yenu naye amekwenda pamoja na wale wote, unyayo wake ule wa kwanza, na kwamba nimemzika mara ya pili kwa mkono wangu.

Kwa hiyo msije mkasema ni kosa la vyombo. Vile vyombo ni vizuri, na nataka muendelee navyo, lakini mvishike kwa akili. Laini yangu ya simu msiiache ife nikishakufa mimi. Itieni vocha, maana kila mlango wa huko mtandaoni ukijifunga unatuma namba za kufungulia kwenye laini hiyo, na laini ikifa kalenda na fomu na ramani vyote vitafungwa nanyi mkiwa nje. Badilisheni namba mapema, wekeni ya mmoja wenu. Wateja waliochorwa upya baada ya msiba ule, wawe na nakala mbili mtandaoni, mahali tofauti, na karatasi zibaki kabatini hata zikinuka. Msiazimane akaunti. Na mtu mzima akiwekwa mbele ya kioo msimwachie maneno ya kioo peke yake. Msomeeni kila kitufe kwa sauti, mwambieni hili ukiligusa kitu kinaondoka. Mwambieni pia kwamba akikosea kuna siku thelathini, na katika siku hizo hakuna atakayemcheka. Hilo la kutochekwa lingeniokoa mimi kuliko yote. Maana mashine haisahau, imeandika kila kitu, hata asubuhi ile nilipokuwa peke yangu mbele yake, nadhani saa tatu, au ilikuwa...

Umesemaje, mkubwa?

Rudia, mwanangu. Sema kwa sauti, dada yako asikie na simu isikie.

Saa nne na dakika kumi.

Mimi dakika sijazitaja. Mimi dakika sijawahi kuzijua. Nilikuwa najiuliza tangu mwanzo mbona hushtuki. Dada yako amejishika mdomo, wewe unatazama sakafu. Nani alikuonyesha? Fundi simu. Siku ya ngapi? Usinifiche, mimi nimekwishavua nguo zote mbele yako. Siku ya nne. Ulikwenda kwake upate ushahidi dhidi ya mdogo wako, akakufungulia kapu la taka, ukakuta jina langu. Na zile nyayo zilikuwemo? Zote? Mia nne na kumi na mbili, zimelala humo. Na fundi alikwambia nini? Sema. Alikwambia bonyeza hapa, zinarudi sasa hivi. Na wewe ukafunga kompyuta ukamlipa.

Kwa nini, mwanangu?

"Nilidhani umekusudia, baba." Mmesikia? Alidhani nimekusudia. Alidhani mzee amefuta kwa hiari yake ili apate sababu ya kumtoa binti dukani, na kwamba kunyamaza ndiyo utii. Aliogopa kuniuliza. Kumbe uliniona mtu wa namna hiyo, ukaendelea kunisalimia kila asubuhi. Siwezi kukukasirikia. Ningekuwa na nguvu bado nisingeweza, maana baba uliyemwona kwenye kioo kile nilimtengeneza mimi, kwa kauli zangu, mbele ya wateja. Siku ishirini na sita, wanangu. Siku ishirini na sita tulikaa kwenye benchi moja, mimi na yeye, magoti yanagusana, nikimwomba gundi ananipa, akiniomba mkasi nampa, na kila mmoja anajua, na kila mmoja anamngoja mwenzake. Wakati huo mdogo wenu alikuwa anatafuta chumba cha kupanga.

Ninyanyulie mto kidogo. Hapo. Kifua kimejaa.

Duka ni la mdogo wenu. Nilikuwa nimepanga kusema hivyo hata kabla ya hili. Jina, wateja, kalenda, ramani, vyote. Mkubwa, ukitaka kufanya kazi humu utamwomba yeye, na akisema hapana utaichukua cherehani yako utafute kichochoro kingine, bila kinyongo. Na akisema halitaki, jambo ambalo nadhani ndilo atakalosema, msimbembeleze. Fungeni. Waandikieni wateja wote ujumbe, kwa ile adabu yake, muwaambie ukweli, kwamba kitinda mimba hakufuta kitu. Yule mama wa binti mwendeeni kwake kwa miguu. Hilo la yule mama ni la mkubwa, akalifanye mwenyewe, asitume mtu.

Bado moja, nimelichelewesha kwa sababu ndilo linaloniua. Mwalimu, chini ya mto wangu kuna simu yangu, itoe. Fungua ujumbe wa mdogo wako, uko wa juu kabisa, sijawahi kuuondoa. Usome. Soma, mama, mimi nausikiliza.

"Baba, leo ndiyo siku ya mwisho. Niite tu. Sitauliza kitu."

Ujumbe huo ulikuja siku ya thelathini, asubuhi. Niliufungua pale pale, na vile vialama viwili vikageuka rangi, kwa hiyo aliona kwamba nimesoma. Hakuandika "nani kafuta". Hakuandika "mimi siyo". Aliandika hatauliza. Alikwishajua, wanangu. Alijua tangu nilipotamka lile neno la kubadilisha, akaondoka amebeba kosa langu mgongoni, akanipa siku zote hizo, na ya mwisho akanigongea mlango. Nilikaa na simu mkononi mpaka jua likazama. Sikumjibu. Wala si kwa hasira. Sikuwa na sababu yoyote, ila aibu, na aibu nayo ilishakuwa kubwa kunishinda.

Mjibu sasa. Andika wewe, vidole vyangu havinitii. Andika: Njoo, mwanangu... Hapana. Liondoe hilo la njoo. Asije kwa ajili ya maiti. Na radhi usiandike, sina haki ya kumtwika na hiyo. Andika: Ni mimi. Weka nukta. Ni mimi, basi.

Tuma.

Imekwenda?

Alama ngapi? ... Moja. Moja maana yake haijamfikia. Labda simu yake imezimwa. Labda alibadili laini zamani, nani angetuambia. Iacheni wazi hapo, msiifunge, muwe mnaitazama kwa zamu. Na hii sauti mnayoinasa apelekewe nzima, msikate hata kikohozi, hata pale nilipojitetea.

Nizikeni bila... bila hotuba. Asisimame mtu akasema nilikuwa mkweli.

Leteni mikono. Mkubwa, na wewe, leta mkono wako, usiuogope wangu. Mungu awalinde. Awape midomo ya kusema mapema... mapema, kabla... Mungu awabariki wanangu watatu. Watatu nimesema. Mwalimu, tazama tena.

Bado moja?